Matrekta Mawili na Chuma Kimoja Kizima

Wapendwa, leo nimewaletea mkulima wa ngano. Watu wa namna yake mmejaa humu ndani, hata harufu ya dizeli inanifikia hapa mbele, kwa hiyo nikikosea jambo la trekta mtanisahihisha nje, siyo katikati ya neno.

Mkulima huyo alikuwa na matrekta mawili ya aina moja. Yalitoka kiwandani pamoja, yakafika pamoja, na ukiyaegesha ubavu kwa ubavu usingejua lipi ni lipi. Ila moja lilikuwa la mashindano na lingine lilikuwa la shamba. La mashindano aliliendesha yeye. La shamba aliliendesha mke wake.

Naona mama mmoja ametabasamu. Ndiyo, mke wake. Alifundishwa na baba yake kabla hajaolewa, na mistari yake ya kulima ilinyooka kuliko ya mumewe. Mume mwenyewe alikiri hivyo siku akiwa na furaha. Trekta lile lilikuwa mguu wa kijiji kizima. Lililima, likapanda, likavuta tela la magunia hadi ghalani, na mvua zikiharibu barabara ndilo lililowafikisha wajawazito zahanati. Watu waliliita trekta la mama. Ukisema umepewa lifti na trekta la mama, hakuna aliyeuliza mama gani.

Na lile la mashindano? Lile lilikuwa na kazi siku moja kwa mwaka.

Kwa ambao hamjafika kwenye mashindano hayo, niwaeleze. Mavuno yakiisha, watu hukusanyika kwenye uwanja wa udongo. Kuna bati zito la chuma, pana kama mlango wa ghala, halina magurudumu. Trekta linafungwa mnyororo na kuliburuta. Pembeni ya njia wamejipanga wanaume, na kila bati linapowapita wanalirukia na kusimama juu yake. Kwa hiyo mwanzo ni mteremko, hata mimi ningeshinda. Lakini kadiri unavyokwenda ndivyo watu wanavyozidi kupanda. Mbele kule trekta linanyanyua pua, magurudumu ya mbele yanaelea hewani, na uzito wote, wa chuma na wa watu, unaangukia nyuma kwenye ekseli. Atakayeburuta mbali zaidi ndiye mshindi.

Watazamaji hudhani ushindi uko kwenye injini, kwa sababu injini ndiyo inayopiga kelele. Mkulima wetu naye alidhani hivyo, mpaka mwaka mmoja injini yake ikiwa inanguruma vizuri kabisa, kukasikika mlio nyuma, ko!, na gurudumu la kushoto likalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Hauzingi ilikuwa imekatika.

Hauzingi ni kile chuma kinene cha nyuma, mfano wa bomba kubwa, ambacho ekseli inapita ndani yake na gurudumu linashikwa mwisho wake. Chenyewe hakizunguki, wala hakitoi sauti. Hakuna anayekipiga picha. Kimejaa matope na grisi mwaka mzima, na kazi yake ni moja tu, kubeba. Mafundi wa hapa wanatikisa kichwa, maana wanajua. Injini ikifa, trekta linasimama. Hauzingi ikikatika, trekta linaanguka.

Basi siku ile watu walicheka. Walicheka sana. Wanawake wa kijiji cha pili wakatunga wimbo wa gurudumu lililolala, na mwaka mzima kila harusi aliyoalikwa aliukuta wimbo umefika kabla yake. Alikula pilau ya watu huku akiimbwa. Yule bwana aliumia. Mtu mzima kuchekwa mbele ya wakwe si jambo dogo, na mimi simlaumu kwa kuumia.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho nataka mkiangalie.

Aliapa kwamba mwaka unaofuata hakatiki. Akaanza kutafuta hauzingi imara, na katika kutafuta akawa mtaalamu. Alizunguka kila uwanja wa vyuma chakavu wa mkoa ule. Alijifunza kukataa chuma kilichopakwa rangi mpya, kwa sababu rangi mpya kwenye chuma cha zamani ina jambo inaficha. Alikataa chuma kilichochomelewa, hata kama mchomeleaji ni hodari, kwa sababu chuma cha namna ile ukikichomelea kinashika kwa macho tu, mzigo ukija kinaachia palepale. Alikuwa na namna yake ya kukipima. Anakisugua hadi king'ae, anakipaka mafuta ya taa, anakifuta kikauke, halafu anakinyunyizia unga wa ngano laini. Kisha anangoja. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kama kina ufa, hata ule mwembamba ambao jicho haliuoni, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye unga.

Alipima vyuma hadi watu wa chakavu wakamchoka. Mwisho akapata kimoja kilichompendeza, akakinunua akiwa na haraka, akijisemea atakipima nyumbani. Akakipima nyumbani. Karibu na pale kinapoungana na mwili wa trekta, unga ukachora mstari. Mstari mfupi, mwembamba. Akakaa chini kwenye tope.

Na mashindano yalikuwa yamekaribia. Hapo ndipo macho yake yalipotua upande wa pili wa banda, kwenye trekta la mama.

Sijui nani alimwambia alipime. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda tu, akasugua, akapaka mafuta, akafuta, akanyunyiza unga. Akangoja. Unga ukabaki mweupe. Akarudia, ukabaki mweupe vilevile. Kile alichokuwa amekizungukia mkoa mzima kilikuwa kimelala bandani kwake miaka yote, kikibeba magunia na wajawazito, na hakuwahi hata kukifuta matope.

Ndugu zangu, mngefanya nini? Msijibu haraka.

Aliita fundi, rafiki yake wa siku nyingi, siku ambayo mke wake alikwenda msibani kijiji cha jirani. Wakanyanyua matrekta yote mawili kwa jeki. Wakafungua bolti. Chuma kizima kikatoka kwenye trekta la shamba kikaenda kwenye la mashindano. Chenye ufa kikachomelewa vizuri, kikapigwa msasa, kikapakwa rangi, kikafungwa kwenye trekta la mama.

Yule fundi alikuwa anafuta mikono. Akamwambia, "Kaka, hiki ulichomfungia shemeji, wewe mwenyewe ungekinunua?"

"Lake ni la kulimia tu," mkulima akajibu. "Halina kishindo. Mashindano yakipita namrudishia chake, wala hatajua."

"Na kikikatika kabla?"

"Hata kikikatika, kule shambani nani anaangalia?"

Fundi akanyamaza. Alikuwa mgeni kwenye ndoa ya watu, akaona si mahali pake kusema zaidi. Wangapi humu tumenyamaza namna hiyo?

Mke aliporudi kutoka msibani, alipita bandani kuchukua jembe. Akaona rangi mpya nyuma ya trekta lake. Akaliinamia, akaligusa kwa kidole. Halafu akaja jikoni anacheka.

"Baba watoto, ndiyo nini hii? Umenitengenezea trekta langu?"

Mwanaume alikuwa anakula. Angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alichotakiwa ni kupita tu. Akatafuna, akameza, akasema, "Nimeliangalia kidogo huko nyuma."

"Ahsante," mama akasema. "Mwaka mzima hujaligusa. Nilijua umelisahau." Na kesho yake kisimani aliwaambia wenzake kwamba mume wake siku hizi amebadilika, amemtengenezea trekta bila kuombwa.

Hilo neno lilimfikia mumewe. Lilimchoma, lakini halikumchoma vya kutosha.

Siku chache zikapita. Mama akarudi jioni moja kutoka kulima, akamwambia, "Linalia kidogo upande wa kushoto nikikata kona. Kama vile kuna kitu kinasagika."

"Ni vyuma vipya," akamwambia. "Litazoea."

"Haya. Wewe ndiye unayejua vyuma."

Akaondoka kwenda kuoga. Yule bwana alibaki amekaa pale. Alijua maana ya kusagika. Alijiambia, bado kidogo tu. Nikishinda, asubuhi yake nafungua bolti na kumrudishia chake. Ndivyo tunavyosema wote. Hakuna mtu anayepanga kumuumiza wa kwake, tunapanga kumshughulikia baadaye.

Jioni kabla ya mashindano, akamwambia mke wake jambo ambalo hakuwahi kumwambia. "Mwaka huu uje uniangalie." Miaka yote mama hakuwahi kwenda, kwa sababu siku ile ndiyo ya kupeleka ngano ghalani na trekta lingine ndilo lililokuwa na kazi. Mama akafurahi kama msichana. Akasema, "Nikipakia magunia ya jirani nitapitia huko huko uwanjani, ghala si liko hapo karibu? Nitaegesha, nikushangilie, ndipo nikashushe."

Alisikia. Alijua njia ya kutoka kwao kwenda ghalani ina mteremko mrefu, na tela lililojaa likiwa nyuma yako kwenye mteremko linakusukuma kwa uzito wake wote. Alijua hayo kuliko mtu yeyote. Na ulimi wake haukunyanyuka.

Siku ya mashindano ilikuwa nzuri, jua kali, vumbi, watu wengi. Wale wanawake wa wimbo walikuwepo, wameshaanza kuuimba. Zamu yake ikafika. Mnyororo ukafungwa. Akakanyaga mafuta. Bati likaanza kutambaa, wanaume wakaruka, wengine wakaruka, trekta likanyanyua pua likawa kama farasi, na mlio wa chuma kule nyuma haukusikika. Wenzake wote walikuwa wameshindwa mbali nyuma. Yeye akaendelea. Watu wakaongezeka juu ya bati hadi wakawa wanashikana mikono wasianguke, na chuma kile kikabeba, kikabeba, hadi mwisho wa njia, pale ambapo hapajawahi kufika mtu.

Uwanja ulilipuka. Wimbo wa gurudumu ulikufa palepale. Walimtoa kwenye kiti, wakambeba mabegani. Mtangazaji akashika kipaza sauti akasema kwamba kombe hili halichukuliwi na mtu mmoja, apande na mama watoto wake, mama yuko wapi?

Watu wakaanza kugeuka huku na huku. Mama yuko wapi? Yeye naye, akiwa juu ya mabega ya watu, akageukia barabarani. Aliona pikipiki inakuja kwa kasi, na aliyeipanda hakuwa na kofia, na alikuwa anaangalia moja kwa moja kwake. Wapendwa, kuna habari ambazo unazijua kabla mtu hajafungua mdomo.

"Mzee, shuka," yule kijana wa pikipiki akasema. "Twende. Trekta la mama limelala kwenye mteremko."

Alipofika, majirani walikuwa wanajaribu kulinyanyua kwa magogo. Magunia yalikuwa yamepasuka, ngano yote imemwagika barabarani. Na nitawaambia kitu alichokiona kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alijichukia kwa hilo. Kabla hajamwona mke wake, aliona chuma. Kilikuwa kimekatika pale pale kwenye mshono, na rangi yake bado inang'aa.

Mama alikuwa chini ya bamba linalofunika gurudumu. Macho yalikuwa wazi. Alivaa gauni la kitenge, lile la kwendea kanisani, chini ya koti la kazi, maana alikuwa anakwenda kumshangilia mumewe. Bwana akapiga magoti kwenye ngano, akamshika uso.

Mama akamtazama muda. Akamuuliza, kwa sauti ya chini sana, "Chuma chako kimehimili?"

Mkae hapo kidogo, ndugu zangu. Msikimbie. Mkae naye hapo chini kwenye vumbi mtu anapoulizwa swali hilo.

Alitaka kusema yote. Akasema, "Kimehimili."

"Basi vizuri," mama akasema.

Hakufika zahanati. Kumbukeni aliwafikisha wangapi huko, na siku yake halikupatikana gari la kumwahisha.

Kwenye msiba watu walijaa. Wazee wakamshika mkono, wakamwambia ajali haina kinga, Mungu amependa. Alikuwa anaitika kwa kichwa. Alijua yaliyopendwa siku ile yalipendwa na nani. Hakuna aliyemshtaki, kwa sababu waliojua ni yeye na fundi, na fundi alikuwa amejificha nyuma ya watu, analia kuliko ndugu wa marehemu.

Matanga yalipokwisha, fundi akaitwa tena bandani. Alimkuta mkulima ameshalipandisha trekta la mashindano juu ya jeki. Alikuwa amefungua bolti zote peke yake. Akakitoa kile chuma kizima, akakisafisha, akakibeba kwa shida hadi kwenye trekta la mama, lililokuwa limevutwa kutoka mteremkoni na kunyooshwanyooshwa. Akakifunga. Alikaza bolti moja moja, akarudi akazikaza tena, kama mtu anayemvika mtoto shati.

Fundi akamuuliza taratibu, "Kaka, sasa litaendeshwa na nani?"

Mkulima aliendelea kukaza.

Sasa tuzungumze sisi. Mtu asigeuke kumtazama jirani yake.

Sisi tuna chuma kizuri. Asije mtu akasema hana. Tuna uvumilivu, tuna maneno matamu, tuna kicheko, tuna sikio la kusikiliza. Swali ni tumekifunga wapi. Kuna mzee hapa kwenye kikao cha kanisa anaweza kumsikiliza mtu mbishi kutwa nzima bila kupandisha sauti, na tunamsifu, lakini nyumbani chumvi ikizidi kwenye mboga sahani inaruka. Kuna binti kazini kwake wateja wanamwita malaika, na mama yake mzazi akimpigia simu anajibiwa, nini tena? Kwaya yangu mpendwa, mnaimba mpaka malaika wananyamaza, na mkitoka hapa hamsalimiani na dada zenu wa damu. Mchungaji naye anawaombea wagonjwa wa watu wote, arudi nyumbani amechoka, na mke wake mwenye homa apewe kilichobaki.

Tunatoa kizima tunakipeleka uwanjani, kwa sababu uwanjani wapo watu wanaotazama, na huko tuliwahi kuaibika. Wa nyumbani tunamfungia chenye ufa, tunakipaka rangi kidogo. Zawadi ya Krismasi, picha nzuri kwenye simu, "mke wangu mpenzi" mbele za wageni. Naye masikini anashukuru. Anakwenda kutusifia kisimani. Halafu kila siku anaingia mteremkoni na mzigo wetu wote mgongoni, na akisema kuna kitu kinasagika, tunamwambia atazoea.

Mungu anaangalia mteremko ule. Uwanjani hana haja ya kuangalia sana, kule tumejaa wenyewe.

Lakini kinachoniuma zaidi siyo pale barabarani. Kinachoniuma ni pale bandani, baada ya matanga. Kwa sababu huyo ni sisi kabisa. Nimezika watu wengi wa usharika huu, na nimesikia mkisoma wasifu wa marehemu. Mama alikuwa nguzo. Baba alikuwa rafiki. Kaka, hukuwahi kutuangusha. Maneno mazuri, mazito, hayana ufa hata mmoja, mtu analia hadi anashindwa kumaliza karatasi. Nami hujiuliza, haya maneno yalikuwa wapi? Yalikuwepo. Yalifungwa kwingine, na sasa tunamrudishia mwenyewe, tunakaza bolti moja moja, wakati hayupo tena wa kuliendesha.

Unajua ni nani kwako. Mwingine ni mke, mwingine ni mume, mwingine ni dada aliyebaki kijijini anamwuguza baba peke yake na kila ukimpigia anasema msijali, tuko salama. Ile karatasi utakayomsomea siku yake, iandike leo. Umsomee mchana huu, jikoni, akiwa anamenya viazi. Atakucheka. Atakuuliza umekunywa nini. Mwache acheke, wewe msomee hadi mwisho, halafu chukua kisu umsaidie kumenya.

Tutanyamaza kidogo kabla ya sala. Kila mmoja amtaje wa kwake moyoni, kwa jina lake.